Ajali barabarani: Maswali ya fidia ambayo wengi huuliza wakiwa wamechelewa

KILA basi linapobingirika Salgaa au matatu inapogongana na lori karibu na Mtito Andei, magazeti huandika idadi ya waliofariki na waliolazwa, viongozi hutuma risala za rambirambi, na baada ya siku tatu habari hiyo huzimika. Hapo ndipo kesi ya majeruhi inapoanza. Au tuseme hapo ndipo inapopotelea, kwa kuwa haki ya kulipwa fidia nchini Kenya aghalabu huponyoka katika majuma ya kwanza, majeruhi akiwa angali kitandani hospitalini, kutokana na karatasi ambayo haikuchukuliwa na sahihi iliyotiwa harakaharaka. Kufikia wakati wa kumwona hakimu, mara nyingi madhara huwa yamekwisha kutendeka.

Sheria inayohusika haina fumbo kubwa. Sheria ya Bima ya Magari kuhusu madhara kwa watu wengine, ambayo ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inamkataza mtu yeyote kuendesha gari barabarani, au kumruhusu mwingine aliendeshe, pasipo bima ya kugharimia kifo au majeraha ya mtu wa tatu. Neno hilo "mtu wa tatu" huwatatiza wengi. Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni wewe uliyekuwa ukitembea kando ya barabara ukielekea sokoni, au abiria uliyelipa nauli yako na kuketi.

Swali la kwanza huwa ni hili: nimshtaki nani, ilhali dereva mwenyewe hana mbele wala nyuma? Jibu ni kwamba dereva hushtakiwa pamoja na mwenye gari. Iwapo dereva alikuwa kazini, au alikuwa akiliendesha gari kwa idhini na kwa shughuli za mwenyewe, uzembe wake huhesabiwa kuwa uzembe wa mwajiri wake. Sheria ya Trafiki inasema kwamba yule ambaye jina lake limo katika sajili ya magari ndiye atakayechukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hivyo hatua ya busara ni kutafuta taarifa za umiliki kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) kwa kutumia nambari ya usajili. Jina la chama cha ushirika lililochorwa ubavuni mwa matatu halitoshi, na jina ambalo utingo atakutajia halitoshi hata kidogo.

Kampuni ya bima haishtakiwi mwanzoni. Wajibu wake huja baada ya hukumu: mahakama ikishaamua kwamba mwenye gari alipe, kampuni iliyotoa bima hutakiwa kulipa kwa niaba yake. Ila ni sharti kampuni hiyo iwe imepewa ilani ya kesi, kabla haijawasilishwa au mara tu baada ya kuwasilishwa. Wakili anayejua kazi yake hutuma ilani hiyo mapema na kuhifadhi nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Kampuni ikikataa kulipa licha ya hukumu, mdai hulazimika kufungua kesi ya pili dhidi yake, na katika kesi hiyo nakala ya ilani ndiyo silaha yake ya kwanza.

Kuna mipaka miwili ambayo abiria wengi hawaijui. Mosi, sheria haiilazimishi kampuni ya bima kumlipa mtu mmoja zaidi ya Sh3 milioni. Mahakama ikiamuru fidia kubwa kuliko hiyo, kiasi kinachosalia ni deni la mwenye gari mwenyewe, na ukilitaka utamfuata yeye na mali yake. Pili, bima hii ya lazima huwafunika abiria wa magari yanayobeba watu kwa malipo, kama vile matatu na mabasi, na pia wafanyakazi wanaosafirishwa kwa mujibu wa mkataba wao wa kazi. Rafiki aliyekupa lifti katika gari lake la kibinafsi hakulazimishwa na sheria kukukatia bima. Ukiumia, unaweza kumshtaki kama mtu mwingine yeyote, lakini huenda hukumu utakayopata isiwe na kampuni ya bima nyuma yake, isipokuwa mwenye gari awe ameongeza kifungu cha abiria kwa hiari yake. Wale wanaopanda nyuma ya pikapu wakirejea kutoka mazishini wangefaa kulijua jambo hili kabla ya safari.

Karatasi za kutafutwa mapema

Sasa tuje kwenye karatasi, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Dereva aliyehusika katika ajali iliyojeruhi mtu anatakiwa na Sheria ya Trafiki kusimama na kutoa jina na anwani yake, na asipofanya hivyo apige ripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, kwa vyovyote vile isizidi saa 24. Lakini majeruhi asitegemee uadilifu wa dereva. Yeye au jamaa yake afike katika kituo cha polisi cha eneo la ajali, ahakikishe kwamba tukio limeandikwa, na aondoke na nambari ya OB. Baadaye atapewa abstrakti ya polisi, ile hati fupi inayoonyesha tarehe na mahali pa ajali, nambari ya gari, jina la mwenye gari, kampuni ya bima pamoja na nambari ya bima hiyo, na majina ya walioumia. Iwapo jina lako halimo, au limeandikwa visivyo, lalamika siku hiyohiyo. Kosa dogo la herufi katika abstrakti linaweza kumpa wakili wa upande wa pili asubuhi nzima ya kukuhoji kizimbani.

Hata hivyo, abstrakti huthibitisha tu kwamba ajali ilitokea na kwamba ulihusika. Haithibitishi nani aliikosesha barabara amani yake. Hilo linahitaji mashahidi: abiria aliyeketi kando yako, mwendeshaji bodaboda aliyekuwa stejini, au ofisa wa trafiki aliyechora ramani ya eneo la tukio. Chukua nambari zao za simu wakati kumbukumbu ingali mbichi.

Rekodi za hospitali za siku ile ya ajali zina uzito wa pekee. Biashara ya bima nchini imesumbuliwa kwa miaka mingi na wadai bandia, watu wanaopachika majina yao katika orodha ya abiria wa gari ambalo hawakulipanda. Kwa sababu ya udanganyifu huo, aliyeumia kikweli lakini akaenda nyumbani kujipaka dawa ya misuli, kisha akafika hospitali baada ya majuma mawili, hutazamwa kwa jicho la shaka. Enda hospitali siku hiyo, hata kama ni zahanati, na utunze kadi ya matibabu, picha za eksirei na kila stakabadhi ya malipo.

Nasema kila stakabadhi kwa sababu sheria ya fidia hugawanya hasara katika mafungu mawili. Kuna fidia ya jumla, ambayo ni malipo ya maumivu, mateso na ulemavu. Hii hakimu huikadiria akizingatia ripoti ya daktari na viwango vilivyotolewa katika kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana na hayo. Kisha kuna hasara maalum: fedha ulizotumia kwa dawa, nauli, magongo na upasuaji. Fungu hili la pili halikadiriwi. Ni sharti litajwe katika hati ya madai shilingi kwa shilingi na kuthibitishwa kwa stakabadhi. Aliyetumia Sh80,000 na akabaki na stakabadhi za Sh12,000 atalipwa Sh12,000.

Anayebisha hodi wodini

Tuchukue mfano wa mama muuza mboga aliyevunjika mguu akiwa ndani ya matatu. Siku ya nne, mtu mwenye maneno matamu anafika wodini akiwa na matunda, bahasha yenye Sh30,000 na karatasi. Anamwambia mama kwamba fedha hizo ni za kumsaidia kununua dawa, naye aweke sahihi kuonyesha kuwa amezipokea. Mama hana namna. Bili inapanda na watoto wako nyumbani. Anatia sahihi, au kidole gumba.

Karatasi ile huenda isiwe stakabadhi ya kupokea msaada. Huenda ikawa hati ya kuachilia madai, inayosema kwamba amelipwa fidia kamili na ya mwisho na hatadai chochote zaidi kutoka kwa mwenye gari wala kampuni yake ya bima. Mwaka mmoja baadaye, mguu unapokataa kupona na daktari kusema kwamba ni lazima utiwe chuma, karatasi hiyo ndiyo itakayotolewa mahakamani. Mahakama inaweza kuibatilisha hati ya namna hiyo ikithibitishwa kwamba mtu alidanganywa au alishurutishwa, lakini mzigo wa kuthibitisha hayo utamwelemea mama mwenyewe.

Simaanishi kwamba mapatano nje ya mahakama ni mabaya. Kesi nyingi za ajali humalizika kwa mapatano, na mara nyingine mdai hupata fedha zake mapema kuliko kama angengoja hukumu. Lililo baya ni kupatana kabla ya daktari kusema hali yako ya kudumu itakuwa gani, kwa kuwa ulemavu wa asilimia tano na ule wa asilimia 40 havilipwi sawa. Ukipewa karatasi ambayo huwezi kuisoma, omba ibaki nawe hadi kesho. Mwenye nia njema hatakataa.

Muda ni swali jingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, kesi ya uzembe ni lazima iwasilishwe kabla ya miaka mitatu kutimia tangu siku ya ajali. Iwapo gari lililokugonga ni la Serikali, kwa mfano gari la polisi au lori la jeshi, muda huo ni miezi 12 pekee. Miaka mitatu huonekana mingi kwa aliyelazwa, lakini huyeyuka upesi. Mwaka wa kwanza huishia katika matibabu, wa pili katika mazungumzo na kampuni ya bima inayoahidi kila mwezi kwamba faili iko mezani kwa meneja, na wa tatu katika kumtafuta wakili. Mazungumzo hayaisimamishi saa ya sheria. Barua hamsini za kuahidiana haziongezi hata siku moja.

Mahakama ina uwezo wa kuongeza muda, ila kwa sababu finyu sana: mdai athibitishe kwamba hakujua mambo ya msingi ambayo kesi yake ingeyategemea. Kukosa fedha za wakili si miongoni mwa sababu hizo. Kwa mtoto aliyeumia, mzazi au mlezi hufungua kesi kwa niaba yake, na si busara kungoja hadi mtoto afikishe umri wa kupata kitambulisho.

Vivyo hivyo, usingoje kesi ya trafiki dhidi ya dereva imalizike. Hizo ni njia mbili tofauti. Dereva akipatikana na hatia ya kuendesha gari kwa uzembe, na rufaa zikaisha, hukumu hiyo hukusaidia pakubwa kwa kuwa Sheria ya Ushahidi inaichukulia kuwa thibitisho kamili la hatia yake. Akiachiliwa, bado unaweza kushinda. Katika jinai upande wa mashtaka hutakiwa kuondoa shaka yote ya maana. Katika madai ya fidia inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yanaelekea zaidi kuwa ya kweli kuliko ya mwenzako.

Wala usivunjike moyo kwa kuwa nawe ulikosea. Aliyevuka Barabara Kuu ya Thika chini ya daraja la waendao kwa miguu, au abiria wa bodaboda asiye na helmeti, anaweza kuambiwa na hakimu kwamba alichangia madhara yaliyompata. Fidia yake itapunguzwa kwa kiwango cha kosa lake, pengine asilimia 20, pengine nusu. Kilichobaki bado ni chake.

Panapotokea kifo

Familia inapompoteza mtu, sheria mbili hutumika kwa pamoja. Moja hulinda mirathi ya marehemu na nyingine, Sheria ya Ajali za Mauti, hulinda waliomtegemea. Hawa wa pili wametajwa: mume au mke, wazazi na watoto, wakiwemo mababu na wajukuu. Ndugu wa marehemu hawamo, hata kama ni yeye aliyewalipia karo. Muda ni miaka mitatu tangu siku ya kifo.

Kosa linalorudiwa mno ni la mjane au baba kufungua kesi kwa niaba ya mirathi kabla ya kupata kibali cha mahakama cha kumwakilisha marehemu. Kesi hiyo huwa si kesi. Inatupiliwa mbali hata kama ushahidi wa ajali ni kama mchana. Si lazima kungoja urithi wote ugawanywe. Kuna kibali kidogo cha usimamizi, cha kuendeshea kesi hiyo pekee, nacho ndicho cha kuombwa kwanza.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Mwalimu wa shule ya kibinafsi mwenye umri wa miaka 35 alikuwa akipata Sh30,000 kwa mwezi, naye ameacha mke na watoto watatu. Mahakama huweza kukadiria kwamba angefanya kazi kwa miaka 20 zaidi, na kwamba theluthi mbili za mapato zilienda kwa familia. Sh30,000 mara miezi 12, mara miaka 20, kisha theluthi mbili: jumla Sh4.8 milioni. Juu ya hapo kuna malipo ya kufupishwa kwa maisha, ambayo kwa desturi huwa takriban Sh100,000, na gharama za mazishi. Msomaji atakumbuka ule mpaka wa Sh3 milioni wa kampuni ya bima, na ataona mara moja ni kwa nini jina sahihi la mwenye gari lina thamani.

Je, kama marehemu alikuwa seremala au mchuuzi asiye na hati ya mshahara? Mahakama ya Rufaa ilikwisha kusema mwaka wa 2005 kwamba hati si njia ya pekee ya kuthibitisha mapato, kwani kushikilia hivyo kungewadhulumu Wakenya wengi ambao hawaweki rekodi. Ushahidi wa mke, wa wateja au wa mwenye kibanda cha jirani hukubaliwa. Ukikosekana, mahakama aghalabu huangalia kiwango cha chini cha mshahara kilichotangazwa na Serikali kwa kazi ya aina hiyo.

Aliyejeruhiwa akiwa kazini, kwa mfano dereva au utingo mwenyewe, ana njia nyingine. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka wa 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliiunga mkono Desemba 2019, inamtaka apeleke madai kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, kabla ya miezi 12 kupita. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa kwa mapato ya miezi 96. Hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri, na hilo ni nafuu kubwa.

Na gharama? Kwa majeraha ambayo fidia yake haizidi Sh1 milioni, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021. Mdai anaweza kujitetea mwenyewe, na sheria inataka kesi imalizike kwa siku 60. Madai makubwa kuliko hayo huenda kwa mahakimu, ambapo hakimu mkuu husikiliza madai ya hadi Sh20 milioni.

Ukihitaji wakili, mtafute wewe, asikutafute yeye. Sheria ya Mawakili inaharamisha kuwatumia mawakala wa kuzurura wodini na vituoni mwa polisi wakisaka wateja. Sheria hiyohiyo inabatilisha mapatano ya kwamba wakili atalipwa tu iwapo atashinda, kwa hivyo yale maneno ya "tutagawana nusu kwa nusu" hayana nguvu kisheria. Malipo ya wakili yana kanuni zake, na fedha za mteja ni lazima ziwekwe katika akaunti tofauti na ile ya ofisi. Hakikisha kwamba jina lake limo katika orodha ya mawakili walio na leseni ya mwaka huo, na omba nakala ya kila hati anayoiwasilisha.

Swali chungu zaidi huwa la mwisho: kesi ilimalizika, kampuni ya bima ililipa, na mimi sijaona hata senti. Anza kwa kuiandikia kampuni ya bima barua ukiuliza ililipa kiasi gani, tarehe gani, na kwa hundi ya nani. Kisha mwandikie wakili ukitaka hesabu kamili. Asipojibu, peleka nakala za barua hizo pamoja na hukumu kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Tume hiyo inaweza kumtaka ajieleze, na kesi ikiwa nzito humfikisha mbele ya jopo la nidhamu lenye uwezo wa kumwamuru akulipe na hata kuliondoa jina lake katika sajili ya mawakili.